Samaki wa jioni wanaugua, wa asubuhi wazima: je, kinga ya samaki ina saa zake?

#1 BwawaLaNyuma (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba tulijadili kwa kina.

Nafuga sato kwenye mabwawa ya udongo. Mara mbili sasa nimechambua vifaranga wa bwawa moja kwa siku moja na kuwagawa kwenye matangi mawili yanayofanana. Kundi la kwanza navua saa mbili asubuhi, la pili saa kumi na mbili jioni, kwa sababu peke yangu kazi haiishi kwa mkupuo mmoja. Wavu uleule, ndoo zilezile, maji ya chumvi yaleyale ya kuwaogeshea. Ikifika siku ya nne tangi la jioni linaanza: samaki anasimama peke yake pembeni, mapezi ameyabana, na mgongoni nyuma kidogo ya pezi kuna doa jeupe kama pamba iliyolowa. Nikimshika nasikia kabisa kwamba ute umekwisha, ngozi inakwaruza kama msasa laini. Wa asubuhi wao wanakuja juu kupokea chakula kama hakuna kilichotokea.

Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya pili siwezi kusema hivyo. Nimewahi kusoma kwamba kinga ya mwili hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Kwa samaki ni kweli? Na kama ni kweli, nani anayemwambia samaki sasa ni saa ngapi: jua, joto la maji, chakula, au nini?

#2 Kijana wa Nyavu

Mkuu, samaki hana kope, halali. Usiku na mchana kwake ni sawa tu. Tafuta tatizo kwenye maji.

#3 MwlBaolojia

Kijana wa Nyavu, hapo umeteleza. Kukosa kope si kutolala. Nenda na tochi hafifu kwenye tangi saa sita usiku: sato ametua karibu na sakafu, mkia umelegea, anapumua polepole, ukimsogelea anachelewa kushtuka. Zebrafishi, wale samaki wadogo wa milia wanaofugwa maabara, wakinyimwa usingizi huufidia baadaye wakiachwa gizani.

Kwa swali la mleta uzi, ndiyo, saa anayo. Ndani ya seli kuna jeni zinazozungushana: clock na bmal zinawasha per na cry, protini za per na cry zikishajaa zinarudi kuwazima walioziwasha, zikivunjwavunjwa na kuisha mchezo unaanza upya. Mzunguko mmoja ni takribani saa 24. Utaratibu huu ulifumbuliwa kwa nzi wa matunda, na Hall, Rosbash na Young wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Samaki anao uleule, tena ana nakala nyingi zaidi za jeni hizo kuliko sisi. Na seli nyeupe za damu nazo zinaendeshwa na saa hiyo.

#4 Daftari la Maji

Mwalimu, asante, ila Nobel yao ni 2017. Ya tiba ya 2018 walipewa Allison na Honjo kwa kazi ya kinga dhidi ya saratani. Nadhani neno "kinga" ndilo lililokuchanganya.

#5 MwlBaolojia

Kweli kabisa, 2017. Nimesahihishika.

#6 Ute_na_Magamba

Mleta uzi, umegusa penyewe uliposema ute umekwisha. Tukisikia kinga wengi tunawaza damu, lakini mpaka wa kwanza wa samaki ni huo utelezi unaotufanya tushindwe kumshika. Ndani yake kuna lisozimu inayopasua kuta za bakteria, kuna kingamwili, kuna protini ndogondogo za kuua vijidudu, na ute wenyewe unamwagika na kuundwa upya muda wote, ukiondoka na vijidudu vilivyonasa. Ngozi ya samaki haina lile tabaka gumu la seli zilizokufa tulilo nalo sisi. Seli zake za juu kabisa ziko hai. Ukimkwangua kwa wavu umekwangua kiungo kilicho hai.

Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi ya samaki trauti. Walichukua sampuli za ngozi usiku na mchana, wakakuta jeni za saa, jeni kadhaa za kinga, hata bakteria wanaoishi kwenye ute huo, vyote vinapanda na kushuka kwa mpangilio wa siku. Walipowaweka chini ya taa isiyozimwa mpangilio ukavurugika. Chawa wa samaki, Argulus, nao waliuvuruga.

Kwa hiyo mimi nasema saa inayohusika hapa ni ya ngozi kabla ya kuwa ya damu. Jioni umeikuta ngozi yake kwenye zamu nyingine.

#7 Mzee wa Kizimba

Vijana, kabla hatujafika kwenye jeni tupime maji. Bwawa la kijani linapumua. Mchana mwani unatoa oksijeni, usiku unaivuta pamoja na samaki na tope la chini, na kiwango cha chini kabisa ni alfajiri kabla jua halijachomoza. Tangi lenye samaki wengi nalo hushuka usiku kama halina hewa. Samaki uliyemkimbiza na wavu jioni anaingia usiku akiwa hoi, pumzi haijarudi. Wa asubuhi ana mchana mzima wa kujirudi.

BwawaLaNyuma, hayo matangi yana pampu ya hewa? Na inafanya kazi saa zote?

#8 BwawaLaNyuma

Shikamoo mzee. Pampu ipo, lakini ni ya sola bila betri. Jua likizama nayo inazima.

#9 Mzee wa Kizimba

Marahaba. Basi jibu lako ndilo hilo.

#10 MwlBaolojia

Mzee, nakuheshimu sana, lakini tusifunge mjadala mapema. Matangi yote mawili hukosa pampu usiku. Kundi la asubuhi lilipitia usiku uleule.

#11 Mzee wa Kizimba

Lilipitia likiwa limeshapumzika kwa muda wa saa kumi. Hapo ndipo tofauti ilipo, mwalimu.

#12 Daftari la Maji

Mimi nasimama pembeni ya mzee lakini si palepale. Mwani ukivuta hewa ya ukaa mchana kutwa, pH ya bwawa (kipimo cha tindikali na alkali) hupanda, na mwisho wa alasiri kwenye bwawa la kijani sana inaweza kupita 9. pH ikipanda, amonia iliyomo majini hugeuka kwa wingi kuwa ile yenye sumu inayopenya kwenye matamvua. Kwa hiyo samaki uliowavua jioni walikuwa wameshachomwa matamvua kwa saa kadhaa kabla wavu haujawagusa. Wa asubuhi uliwatoa pH ikiwa chini.

Angalieni jambo hili: jua lilelile linapandisha oksijeni, pH na joto kwa pamoja. Ukisema "athari ya saa" bila kuvitenganisha hivyo vitatu hujui umepima nini.

#13 Joto_Kwanza

Joto ndilo lenyewe! Samaki mwili wake unafuata joto la maji, na kinga yake pia. BwawaLaNyuma, maji ya tangi unayatoa wapi, na bwawa lilikuwa nyuzi ngapi saa hizo mbili?

#14 BwawaLaNyuma

Tangi najaza maji ya kisima, liko chini ya kivuli. Nina vipimo vya mara ya pili kwenye daftari: bwawa asubuhi 25, tangi 25. Bwawa jioni 30, tangi 25 na nusu.

Sikuwahi kuitazama hiyo mistari miwili kwa pamoja mpaka umeuliza.

#15 Joto_Kwanza

Nyuzi nne na nusu kwa dakika chache! Ulimtoa kwenye bafu ukamtumbukiza kwenye mtungi. Kwa sato hiyo ni kazi kubwa, na ukungu wa pamba, saprolegnia, hupenda samaki wa maji moto aliyeingia ubaridini ghafla.

Tena niwape kisa ambacho huwa nakisimulia kila nikipata nafasi. Samaki hawezi kuchemka mwenyewe kama sisi tukipata homa, lakini akiugua huitafuta homa kwa miguu, yaani kwa mapezi: anaogelea kwenda kwenye maji ya joto zaidi. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya samaki kapi wenye virusi vya malengelenge. Waliwekwa kwenye tangi la vyumba vitatu, nyuzi 24, 28 na 32, wakiwa huru kuchagua. Wagonjwa walihamia chumba cha 32 na wakapona. Waliozuiwa kwenye 24 walikufa. Kubwa zaidi ni kwamba kirusi chenyewe hutengeneza protini inayonasa ujumbe wa uvimbe mwilini ili samaki achelewe kwenda kwenye joto. Kirusi kinapigania kumchelewesha mgonjwa asifike kwenye dawa yake!

Sasa fikirieni samaki wenu aliye kwenye tangi la joto moja tu. Hana pa kwenda.

#16 Mama Vifaranga

Joto_Kwanza, kisa hicho kimenigusa. Niliwahi kuwaona vifaranga wagonjwa wamejipanga kwenye kina kifupi adhuhuri, maji yanakaribia kuwachoma, nikadhani wanatafuta hewa. Nikawafukuza kurudi kwenye kina. Nikikumbuka naumia.

#17 Kijana wa Nyavu

Nimeelewa kuhusu kulala, asanteni. Ila bado nina swali. Mwanga si unaingilia machoni? Ngozi na figo viko gizani ndani ya maji ya tope, vitajuaje saa?

#18 Nuru ya Chini

Swali zuri, na jibu lake ni moja ya mambo yanayonifanya niwapende viumbe hawa.

Mwaka 2000 Whitmore, Foulkes na Sassone-Corsi walionyesha kwamba ukitoa moyo au figo ya zebrafishi, ukaviweka peke yake kwenye sahani ya maabara, mwanga unavipanga saa moja kwa moja. Hakuna jicho, hakuna ubongo. Kinachopokea mwanga ni viungo vyenyewe. Hesabu ya mwaka 2015 ilikuta zebrafishi ana jeni 42 za opsini, protini zinazonasa mwanga, na 32 kati yake si zile za kuonea. Juu ya hapo kuna tezi ya pineali utosini, chini ya fuvu jembamba, inayoona giza na kumwaga melatonini, homoni ya usiku.

Kwa binadamu ni tofauti: jicho linapeleka taarifa kwenye saa kuu ya ubongo, ubongo unawapangia wengine. Samaki ni kama kijiji ambacho kila nyumba ina dirisha lake.

#19 Ute_na_Magamba

"Kila nyumba ina dirisha lake." Hilo nalichukua.

#20 Hadubini

Samahani, narudi #1. Mnajadili kinga, lakini adui tumemtambua? Doa jeupe la pamba mgongoni nyuma ya pezi linaweza kabisa lisiwe ukungu. Bakteria wa kolumnarisi huacha alama ya namna hiyohiyo, kama tandiko la punda, na watu huwaita ukungu miaka yote. Tofauti ni kubwa: kolumnarisi hushamiri kwenye maji moto, saprolegnia hupenda yaliyopoa. Yaani kama ni kolumnarisi, hoja ya Joto_Kwanza kwamba ubaridi wa tangi ulimkaribisha adui inalegea.

Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu, weka tone la maji, tazama kwa hadubini. Ukungu utauona kama nyuzi nene zenye matawi. Kolumnarisi ni vijiti virefu vyembamba mno vinavyoteleza polepole na kujikusanya kama vichuguu.

#21 Joto_Kwanza

Hadubini, nakubali kwa nusu. Mshtuko wa joto unamaliza ute, na ute ukiisha adui yeyote anaingia, awe wa baridi au wa moto.

#22 BwawaLaNyuma

Nitaazima hadubini wiki hii. Endeleeni tafadhali.

#23 Fundi Kambare

Mimi nafuga kambare, na kwangu mambo yako kinyume. Nikiwashika mchana wa jua kali wanajeruhiana, wanatoa povu la ute, na siku mbili baadaye naona ndevu zimeoza ncha. Nikiwashika jioni, kimya. Kambare ni mnyama wa usiku. Kama saa ipo, basi yake inasoma tofauti na ya sato.

#24 MwlBaolojia

Fundi, ulichosema kina uzito. Nilikuwa karibu kuandika kwamba kinga ya samaki iko juu mchana, kwa sababu ya kazi ya mwaka 2017: vifaranga wa zebrafishi walioambukizwa salmonella wakati wa mwanga waliokoka zaidi kuliko walioambukizwa gizani, na seli zao za kinga ziliitikia kwa nguvu zaidi. Lakini zebrafishi ni wa mchana, na wale walikuwa na umri wa siku chache tu.

#25 Nuru ya Chini

Na msisahau kwamba kuna samaki wanaobadili zamu. Besi wa bahari wa Ulaya hula mchana majira ya joto, baridi ikiingia anahamia usiku. Kwa samaki kama huyo "mchana" na "usiku" havitoshi, lazima uulize na mwezi gani wa mwaka.

#26 Mama Vifaranga

Naomba niingize chakula, maana naona mnakiruka. Kwa miaka mingi nimelisha saa tatu kamili asubuhi na saa kumi jioni. Robo saa kabla sijafika wanakuwa wameshajikusanya kwenye kona ninayorushia, hata siku ya mawingu mazito, hata nikija kimya. Hiyo si njaa tu, wanajua saa. Na utumbo ndiko kwenye sehemu kubwa ya kinga.

BwawaLaNyuma, kundi la jioni ulikuwa umelilisha siku hiyo?

#27 BwawaLaNyuma

Hapana. Nilisitisha chakula ili matumbo yawe matupu. Wa asubuhi walikuwa wamefunga usiku mmoja, wa jioni wamefunga usiku na mchana.

#28 Mama Vifaranga

Unaona sasa! Saa zao mbili za kula zimepita bila chakula. Saa ya tumbo imeambiwa jambo moja, saa ya mwanga jambo lingine.

#29 Nuru ya Chini

Mama, kuna kiumbe kinachokuunga mkono kuliko wote. Chini ya ardhi ya jangwa la Somalia yuko samaki kipofu wa mapangoni, Phreatichthys andruzzii, asiye na macho, rangi wala magamba. Ametengwa na jua kwa zaidi ya miaka milioni moja. Mwanga haumpangi saa tena, opsini mbili muhimu zimeharibika. Wengi walidhani hana saa kabisa...

#30 Daftari la Maji

Mimi nilidhani hivyo.

#31 Nuru ya Chini

...lakini kazi ya mwaka 2011 ilionyesha anayo, ila inakwenda polepole ajabu, mzunguko wa takribani saa 47. Na ukimpa chakula saa ileile kila siku, anajipanga nacho bila shida. Mlango wa mwanga umefungwa, mlango wa chakula uko wazi.

#32 Kijana wa Nyavu

Saa 47! Huyo akiahidi kuja kesho, jipange kwa keshokutwa.

Ila swali la kweli: kinga yake ikoje bila mchana na usiku?

#33 Ute_na_Magamba

Wa Somalia sitamsemea. Ila yuko wa Mexico, Astyanax, ambaye ana ndugu zake wa mtoni wenye macho, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Mwaka 2020 ilichapishwa kwamba wa pangoni wana seli chache za kinga ya haraka, zile zinazoleta uvimbe, kuliko wa mtoni. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba pangoni vimelea ni wachache, kwa hiyo jeshi la mstari wa mbele limepunguzwa. Na seli hizo huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, kwa hiyo...

#34 Hadubini

Samaki haundi seli za damu kwenye uboho, ndugu yangu. Kiwanda chake ni figo, hasa sehemu ya mbele iliyo nyuma ya kichwa. Ukimpasua sato utaiona kama utepe mwekundu mweusi chini ya uti wa mgongo.

#35 Ute_na_Magamba

Sahihi, figo ya kichwani. Nilikuwa naandika kwa haraka.

#36 Nuru ya Chini

Na hiyo figo ina mwavuli! Juu ya kiwanda cha damu cha zebrafishi kuna tandiko la seli nyeusi za rangi. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba kazi yake ni kuzuia miale ya urujuanimno isiharibu seli mama za damu. Nilipoiona picha yake nilikaa kimya muda mrefu: kiumbe kinachohitaji mwanga upenye mwilini kupanga saa zake, kimejiwekea kivuli mahali pamoja tu, pale kinga inapozaliwa.

#37 Mzee wa Kizimba

Nimesoma yote, na nimejifunza. Hilo la mwavuli sikulijua. Bado nauliza: pampu ya usiku ishapatikana?

#38 Mtunza Taa

Naingia kuchangia kuhusu taa. Niliwahi kufanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha ambako taa hazikuzimwa kabisa. Hoja ilikuwa kwamba kifaranga akiona muda wote anakula muda wote, na kwa ukuaji ni kweli. Hata salmoni kwenye vizimba huwekewa taa usiku wa majira ya baridi ili wakue na wachelewe kupevuka. Lakini ninachokumbuka ni ngozi zao. Zilikuwa kavu kuitazama, zimepauka, na kila kundi jipya la chawa lilishika kwao kuliko kwenye matangi ya nje. Nilimwomba msimamizi tuzime walau kwa muda wa saa nane, tukakubaliana kuzima kwenye matangi mawili. Nikahama kabla sijaona mwisho wake, na mpaka leo najilaumu kwamba sikumwomba mtu aniandikie matokeo.

Hata mwanga kidogo unatosha. Kwa samaki pachi wa Ulaya, taa ya lux 1 tu (lux ni kipimo cha mwanga) usiku imeonekana kushusha melatonini. Lux 1 ni mwanga wa taa ya barabarani iliyo mbali.

#39 Hadubini

Na adui naye ana saa, tusimsahau. Cryptocaryon, kimelea wa madoa meupe wa baharini, huachia mwili wa samaki gizani, na vitoto vyake hutoka kwenye vifuko usiku wa manane kuelekea asubuhi, wakati samaki wa miamba wametulia karibu na sakafu. Kimelea amepiga hesabu ya mahali samaki atakapokuwa amelala.

Kwa hiyo labda kinga ya sato wako haikushuka jioni hata kidogo. Labda umempeleka na jeraha bichi kwenye saa ambazo adui anatembea.

#40 Fundi Kambare

Hapo umenigeuza kichwa. Sasa hata kambare wangu siwaelewi tena.

#41 Daftari la Maji

Naomba niongeze la mwisho upande wangu: kotisoli, homoni ya mfadhaiko. Kumshika tu samaki kunaipandisha ndani ya dakika, na ikikaa juu inazibana seli za kinga. Na kotisoli yenyewe ina mdundo wa siku. Ukiongeza mshtuko juu ya kilele si sawa na kuuongeza juu ya bonde.

#42 BwawaLaNyuma

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Kwanza hadubini. Nilikwangua samaki watano wa tangi la jioni. Kwa watatu niliona vijiti vyembamba vinavyoteleza na vichuguu vyao kama Hadubini alivyosema. Kwa wawili nyuzi nene zenye matawi. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa na vyote.

Pili, nimerudia kazi. Mzee, nimenunua betri, pampu imefanya kazi usiku kucha. Daftari, nimepima pH: asubuhi 7.4, jioni 8.8, kwa hiyo kundi la jioni nimelichanganyia maji ya bwawa na ya tangi kidogokidogo kwa saa nzima. Hiyo imemaliza na tofauti ya joto, Joto_Kwanza. Mama, makundi yote mawili yamefunga saa zilezile kumi na mbili kabla ya kuvuliwa: wa jioni niliwalisha alfajiri, wa asubuhi niliwalisha usiku kwa tochi. Najua tochi na saa za ajabu za kula ni kosa jipya.

Matokeo: asubuhi ameugua mmoja. Jioni wameugua sita. Mara zilizopita jioni walikuwa zaidi ya ishirini.

#43 Mzee wa Kizimba

Ishirini mpaka sita. Hewa hiyo, mwanangu. Hongera.

#44 Joto_Kwanza

Au joto. Umebadilisha yote kwa siku moja, hatuwezi kujua.

#45 Ute_na_Magamba

Na sita dhidi ya mmoja bado ni tofauti. Hao watano wa ziada ndio ninaowataka mimi. Hewa imesawazishwa, joto limesawazishwa, na bado jioni inauma.

#46 Mama Vifaranga

Au ni hao wa asubuhi waliopata chakula usiku wakati hawajazoea. Rudia bila tochi, baba. Usibadilishe kitu kingine.

#47 Mtunza Taa

BwawaLaNyuma, swali moja. Umesema matangi yako chini ya kivuli. Ni kivuli cha paa au cha wavu? Nauliza kwa sababu ya mwezi. Kwa tasi wa miambani melatonini ya usiku wa mwezi mpevu ni ndogo kuliko ya usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi peke yake inatosha kuwafikia. Wa jioni usiku wao wa kwanza na kidonda kibichi unaanza palepale. Siku hizo tatu ulizovua, mwezi ulikuwaje?

#48 BwawaLaNyuma

Ni wavu, si paa.

Nimefungua daftari sasa hivi. Siandiki mwezi, lakini naandika tarehe, nimehesabu. Mara mbili za kwanza mwezi ulikuwa mpevu. Naomba nikumbuke kwa nini: huwa nachagua siku hizo ili nikichelewa jioni nione njia ya kurudi. Mara hii ya tatu ulikuwa mchanga, siku ya nne.